Rangi Huja Mwisho

Barazani cherehani ililia tangu asubuhi. Mshonaji alikuwa kazini. Uani mumewe alikuwa chini ya gari la mtu. Mtaa mzima ulimwita Spana.

Mwaka uliopita Spana alinunua gari kuukuu. Alilipaka rangi nyekundu, likang'aa kama kioo. Lakini mvua zilipoanza, kutu ilichomoza kama upele. Mnunuzi aliinama, akachungulia chini, akaenda zake. Mwishowe gari liliuzwa kwa hasara.

Sasa Spana alikuwa ameona jingine.

"Mama watoto, gari hili ni la zamani hasa! Watu wanayatafuta magari kama haya."

"Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka," mkewe alijibu. "Na akiba iliyobaki ni ya cherehani yangu mpya."

Hata hivyo, hakukataa. Alikwenda kwa jirani yao, Mama Nyundo. Yeye alikuwa fundi wa kunyoosha bodi, na alishauza magari mengi ya zamani.

"Twendeni tukalione," Mama Nyundo alisema. "Faida huanzia siku ya kununua."

Walipofika, alitoa sumaku ndogo. Aliipitisha mlangoni, ikanata. Aliipitisha kwenye bodi juu ya gurudumu, ikaanguka.

"Hapa hakuna chuma," alieleza. "Wamejaza puti kuziba shimo la kutu. Shimo hili ni dogo, linazibika. Lakini chasisi ikioza, kimbia!"

Kisha alikagua hati. Namba za injini na chasisi zililingana na za kwenye hati.

"Sasa kadirieni gharama za matengenezo, na ziada kidogo ya dharura. Toeni hizo, pamoja na faida mnayotaka, kwenye bei mtakayouzia. Hapo ndipo mtajua mwisho wa bei ya kununulia. Muuzaji akikataa, ondokeni."

Muuzaji alikataa bei yao. Spana aliganda pale pale. Mkewe alimvuta mkono. Hawajafika njia kuu, muuzaji akawaita, akakubali.

Gari lilipofika uani, Spana alikimbilia kopo la rangi.

"Weka chini!" Mama Nyundo alifoka. "Breki kwanza, halafu injini, halafu kutu. Rangi huja mwisho. Na taa hizo usizitupe! Mpenda gari la zamani hulipia vitu vyake vya asili."

Spana alitengeneza breki na injini kwa mikono yake. Spea alizitafuta kwenye magari mabovu yaliyokatwa. Kutu aliikwangua yote, akachomelea bati jipya. Mkewe alifumua viti, akavishona upya kwa mshono ule ule wa zamani.

Mnunuzi alipokuja, Spana hakumficha kitu. Alimwonyesha hata mahali alipochomelea. Mnunuzi alikaa, akapapasa kiti, akawasha injini. Iliitika mara moja.

"Viti hivi kashona nani?" aliuliza. Hakuomba kupunguziwa hata senti.

Gari lilitoka getini likipiga honi. Majirani walipiga makofi. Spana alimnyanyua mkewe juu juu. "Niteremshe, watoto wanaona!" alipiga kelele huku akicheka. Cherehani mpya ilinunuliwa, na fedha ya kununua gari jingine ikabaki.

Safari hii mke ndiye aliyetangulia kukagua. Alipapasa bodi polepole, akasimama penye uvimbe mdogo.

"Hapa pamezibwa," alisema. "Punguza bei."

Muuzaji alishangaa. "Kwani mama wewe ni fundi magari?"

"Mimi ni mshonaji," alijibu. "Kiraka hakinipiti."