Wino wa Bluu kwenye Kiswichi Chekundu

Kila asubuhi, kabla kengele haijalia, Bingwa alikuwa ameshafika kwenye chumba cha kompyuta. Jina hilo alipewa na wenzake wa darasa la sita, kwa kuwa hakuna aliyemfikia kwa kasi ya kuchapa, naye alijivunia kweli kweli. Aliyemfungulia mlango ni Mama Usafi, mwanamke wa makamo aliyefagia shule nzima. Sheria haikuruhusu mwanafunzi kuingia mle bila mwalimu.

"Ingia mwanangu, fanya mazoezi yako," alikuwa akimwambia. "Ila usije ukaniponza."

Kompyuta iliyofanya kazi ilikuwa moja tu, na darasa zima liliigombania. Jumatatu moja, Mama Usafi alipokwenda bombani kujaza ndoo, Bingwa aliinama nyuma ya mashine kukaza waya. Akaona kiswichi chekundu kimeandikwa 230. Basi mikono ikamwasha! Akachukua kalamu yake ya bluu, akakisukuma kwa ncha, ikatokea 115. Akawasha.

Paa! Cheche zikaruka, moshi ukafuka, chumba kikajaa harufu ya kuungua. Bingwa aliichomoa plagi, akakirudisha kiswichi kwenye 230, akatimua mbio.

Mwalimu mkuu alipoingia alikuta kompyuta haiwaki na sakafu imetoka kupigwa deki. Hakutaka kujua zaidi. Alimwita Mama Usafi mbele ya mstari wa wanafunzi.

"Umemwaga maji kwenye kompyuta, halafu unanyamaza?"

"Sijamwaga, mwalimu."

"Nani mwingine aliingia mle?"

Mama Usafi aliangaza macho mstarini, akamwona Bingwa. Bingwa akatazama viatu vyake.

"Hakuna," alisema yule mama.

"Basi Ijumaa ndiyo siku yako ya mwisho hapa."

Kesho nitasema, Bingwa alijiambia. Kesho ikafika, akanyamaza. Akisema, nani atamwita tena Bingwa? Jumatano wenzake wakampachika Mama Usafi jina la Mama Mafuriko. Wakacheka mpaka wakashika mbavu, na Bingwa, jamani, alicheka nao. Usiku ule alilala bila kula.

Ijumaa asubuhi akaja fundi, mtu mfupi mwenye maneno mengi, akaanza kazi mbele ya darasa.

"Mgonjwa hupimwa kwanza, dawa baadaye," alisema. Alichomeka taa kwenye soketi, ikawaka. Akabadilisha waya, kompyuta kimya. Akachomoa kila kitu, akafungua skrubu nne na kutoa kisanduku cha chuma. "Hii ndiyo pawa saplai. Ndiyo inayoilisha kompyuta umeme."

Alikichomeka kisanduku peke yake, akaunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande kifupi cha waya. Feni yake haikugeuka hata kidogo.

"Kimekata kauli hiki. Na nyinyi msijaribu nyumbani! Humu ndani umeme hubaki hata ukichomoa plagi."

"Ni maji, sivyo?" aliuliza mwalimu mkuu.

"Maji gani? Vumbi hili lingekuwa tope. Angalia, kavu kabisa." Fundi alikisogeza kisanduku dirishani. "Ila kiswichi hiki kina wino wa bluu. Mtu alikipeleka volti mia moja na kumi na tano, na umeme wetu ni volti mia mbili na thelathini. Kisanduku kikaungua. Halafu akakirudisha kiswichi ili asijulikane."

Bingwa alisimama.

"Ni mimi," alisema, na machozi yakamtoka.

Mama Usafi aliitwa. Alikuja na mkoba wake begani, tayari kuondoka. Mwalimu mkuu alimwomba radhi mbele ya wote, akamsihi arudi kazini Jumatatu.

"Nimekusamehe, mwalimu. Lakini sirudi. Nimeshapata pengine pa kufagia, na huko hawanijui kwa jina la Mama Mafuriko."

Kisha akatia mkono mkobani, akatoa kalamu ya bluu na kumpa Bingwa.

"Niliiokota chini ya meza Jumatatu ile ile."

"Ulijua?" Bingwa aliuliza. "Mbona hukunitaja?"

"Mlango nilifungua mimi, kosa hilo nikalibeba. Lako nilikuachia mwenyewe. Nilikungoja, mwanangu. Jumanne nilikungoja, Jumatano nikakusikia ukicheka. Kugusa kiswichi ni utoto, ungesamehewa siku ile ile. Lakini kunyamaza huku mwenzako anaumia, hilo ulilifanya upya kila siku. Ukikosea, sema mapema, wakati kusema kwako bado kunamsaidia mtu."

Alimshika bega kidogo, akaondoka zake.

Fundi alifunga pawa saplai mpya, akarudisha nyaya zote, akahakikisha kiswichi kiko kwenye 230, ndipo akawasha. Feni ikavuma, kioo kikawaka, darasa likapiga makofi. Bingwa hakupiga.

Jumatatu alifika mapema kama kawaida yake. Mlango wa chumba cha kompyuta ulikuwa umefungwa, na uwanjani hapakuwa na sauti ya ufagio. Akakaa kizingitini, kalamu mkononi, akingoja kengele kama wengine.