Tangazo la Jogoo Mwekundu

Kila siku alipotoka shule, Dina alibadilisha sare, akala kiporo cha ugali na mlenda alichowekewa na mama yake, akawamwagia kuku maji kwenye karai, kisha akatoka mbio kwenda stendi ya Iguguno. Hakuwa msafiri. Pale stendi, Mjomba Chediel alikuwa na duka la steshenari lenye kompyuta moja na printa moja yenye kelele kama mashine ya kusaga, na Dina, mtoto wa darasa la sita, ndiye aliyekuwa fundi wa kudizaini.

Mjomba alimfundisha mwenyewe wakati wa likizo. Baada ya muda mfupi, kadi za harusi, matangazo ya kwaya na vyeti vya watoto wa chekechea vyote vilipita mikononi mwa Dina. Kila aliyeonyeshwa kazi yake alisema maneno yale yale: "Nzuri sana!" Ila mara nyingine, akiwa peke yake mbele ya kioo cha kompyuta, Dina alihisi kuna kitu hakijakaa sawa, lakini hakujua ni nini. Basi aliongeza maua. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Dina akisifiwa alitia maua.

Jumatano moja, Bwana Mifugo alisimamisha pikipiki yake mbele ya duka. Jina lake lilikuwa Bonaventura, lakini kijiji kizima kilimwita Bwana Mifugo.

"Shikamoo," alisema Dina.

"Marahaba. Mjomba yupo?"

"Amekwenda kufuata karatasi."

"Basi nisikilize wewe. Kideri kimeingia kijiji cha jirani. Kikifika bandani hakina tiba, kuku wanakwisha wote. Jumamosi saa moja asubuhi nitachanja kuku hapa ofisi ya kijiji. Nitengenezee tangazo ambalo hakuna mtu atakayelipita bila kuliangalia."

Dina alielewa uzito wa jambo lile. Pale Iguguno kuku ni kitoweo cha mgeni, ni madaftari, ni sare, ni nauli ya kwenda hospitali. Akaifanya kazi ile kwa moyo wake wote. Alichora jogoo mwekundu aliyejaza karatasi nzima, kilemba chake kikigusa ukingo wa juu. Kifuani pa jogoo akaandika kwa herufi za njano zilizojikunjakunja: KUKU WETU, UTAJIRI WETU! Chini kabisa, kwenye nafasi ndogo iliyobaki katikati ya kucha, akabana habari za chanjo, siku, saa na mahali.

"Ni zuri?" alimuuliza rafiki yake Witness, aliyepita dukani kununua kalamu.

"Hii ni kali, dada! Huyo jogoo atawika sasa hivi!"

"Ni zuri, mjomba?"

"Zuri sana. Printi."

"Mama, ni zuri?"

"Zuri, mwanangu. Mungu amekupa kipaji."

Matangazo yakabandikwa kwenye milango ya maduka, kwenye mashine ya kusaga na pale kwenye bomba la maji. Watu walisimama, wakatazama, wakatabasamu. Dina aliwaona kwa macho yake mwenyewe.

Jumamosi alfajiri, Dina na mama yake walifika ofisi ya kijiji na tenga la kuku wao. Bwana Mifugo alikuwa amekwisha kaa kwenye benchi, boksi la barafu lenye chanjo likiwa miguuni pake. Alimshika kuku mmoja mmoja, akamdondoshea tone la dawa jichoni, akamwachia. Kazi ikaisha upesi. Baada yao wakaja wazee wawili wenye kuku wachache, na baada ya wale wazee hakuja mtu.

Jua likapanda. Bwana Mifugo akasimama, akatazama barabara, akaketi tena.

"Watu wa hapa wagumu," alisema. "Tangazo zuri namna ile, na bado hawaji! Mimi leo natakiwa kijiji kingine. Nitarudi Jumamosi ijayo, kama kutakuwa bado na kuku wa kuchanja."

Dina alijitwika tenga la kuku wao, akamfuata mama yake nyumbani.

Siku ya Jumatatu, Amosi hakuja shule. Alikuwa anasoma darasa moja na Dina, na nyumba zao zilitenganishwa na shamba la alizeti tu. Jioni Dina alikwenda kuwajulia hali. Alimkuta Mama Amosi uani, mikono kiunoni, akitazama kuku wake. Baadhi walikuwa wamelala chini, wamekufa. Wengine walisimama wakitetemeka, shingo zimepinda, kinyesi chao cha kijani. Amosi alikuwa akichimba shimo nyuma ya nyumba na hakuinua uso.

"Shikamoo, Mama Amosi. Poleni."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo hivyo."

"Mama, mbona hamkuja kwenye chanjo?"

"Chanjo gani?"

"Ya Jumamosi. Tangazo si liko mlangoni pa duka, hapo njiani?"

Mama Amosi alifikiri. "Lile la jogoo mwekundu? Nililiona. Nikajua wachuuzi wa kuku wamerudi, wanatafuta wa kupeleka mjini. Nami sikuwa na kuku wa kuuza mwezi huu." Kisha, kwa kuwa alimwona mtoto amebadilika uso, akaongeza haraka, "Lakini ni zuri, mwanangu. Zuri sana."

Hakuna maneno yaliyowahi kumuuma Dina kama yale. Alirudi nyumbani akilia waziwazi barabarani.

Kesho yake alimweleza Mjomba Chediel kila kitu. "Mjomba, niambie ukweli. Nimekosea wapi?"

"Hujakosea. Wasiosoma ni wao."

"Lakini Mama Amosi anajua kusoma!"

"Dina, usijitese. Tangazo zuri lile."

Dina akaanza upya, kwa ajili ya Jumamosi iliyokuwa inakuja. Safari hii alimpunguza jogoo, akaweka bomba kubwa la sindano pembeni yake, lakini herufi za njano akaziacha kwa kuwa alizipenda. Akawaonyesha walimu wawili, fundi cherehani na Witness. Wote wakasema zuri. Alijua sasa kwamba neno lile halina kitu ndani, lakini hakujua lingine atalitoa wapi. Habari zilifika kwamba banda lingine limekwisha, karibu na mashine ya kusaga. Kuku walikuwa wanakufa, siku zilikuwa zinakwenda, na yeye alikaa mbele ya kompyuta kama mtu aliyepewa jembe gizani. Hakuona pa kulima.

Jioni alikaa jikoni akimsaidia mama kuchambua mlenda.

"Mama, kwa nini watu hawaniambii ukweli?"

Mama alitupa bua pembeni. "Mtu akija hapa nikimuuliza habari za nyumbani, anajibuje?"

"Nzuri."

"Hata kama ana mgonjwa ndani?"

"Hata kama ana mgonjwa."

"Si mwongo huyo. Ni adabu. Nikimpa kigoda, nikamuuliza mtoto amekula nini leo, amelalaje, ndipo nitajua kuna homa. Wewe unawauliza watu kama ni zuri. Unataka wakujibu nini, na wewe ni mtoto wao?"

"Na wewe mama, ulisema zuri."

Mama aliacha kuchambua. "Nilisema. Nilimtazama jogoo, nikafurahi kwamba umemchora wewe. Yale maandishi ya chini sikuyasoma. Chanjo niliijua kwa sababu uliniambia."

Asubuhi iliyofuata, kabla ya shule, Dina alikwenda kwenye bomba la maji na tangazo lake jipya. Kina mama walikuwa wamepanga ndoo. Aliwaamkia wote, akaliinua.

"Zuri hilo!" alisema mmoja.

"Asante, mama. Lakini linakuambia ufanye nini?"

Yule mama akakunja uso, akasogea. "Linasema... wanangu niwapeleke kuchomwa sindano?"

"Mimi kutoka hapa sioni kitu," alisema mwingine. "Njano juu ya nyeupe, macho yangu yanakataa."

Bibi mmoja alisema jambo kwa Kinyiramba na wenzake wakaangua kicheko. Dina hakuielewa vizuri lugha ile. "Bibi anasema kuku wake hachomwi sindano," alimfafanulia mmoja wao. "Akichomwa, nyama yake ataila nani?"

"Si sindano, bibi! Ni tone la jichoni!"

"Sasa mbona umechora sindano?"

Dina aliitazama sindano aliyoichora. Kila neno lilimchoma, na masikio yalimwaka moto. Alitamani akunje karatasi yake akimbie. Badala yake alimfuata mama wa mwisho kwenye foleni, akamuuliza swali lile lile, akasimama mpaka akajibiwa: herufi zimejikunja mno, siku haionekani.

Jioni ile alifuta jogoo. Alimfuta pole pole, kwa maana alimpenda. Alifuta na maneno ya utajiri. Akaandika kwa herufi nyeusi, nene, zilizonyooka: CHANJO YA KUKU. Chini yake: KIDERI KIMEFIKA IGUGUNO. Kisha: JUMAMOSI, SAA MOJA ASUBUHI, OFISI YA KIJIJI. Pembeni akachora kitu kimoja tu, mkono unaodondosha tone kwenye jicho la kuku.

"Hili mbona halina mapambo?" aliuliza Mjomba Chediel.

"Linasema nini, mjomba?"

"Linasema Jumamosi niwapeleke kuku wangu wakachanjwe."

"Basi printi."

Hakuna mtu aliyelisifu tangazo lile. Watu walisimama mbele yake, wakasoma, wakaondoka haraka. Na Jumamosi, kabla jua halijachomoza, uwanja wa ofisi ya kijiji ulijaa matenga, vikapu, na watoto waliokumbatia majogoo. Kelele zilikuwa nyingi hata Bwana Mifugo alilazimika kupaza sauti.

"Wale ambao hawajaugua tutawawahi!" alisema. "Pangeni mstari!"

Katikati ya watu wale Dina alimwona Mama Amosi. Hakuwa na tenga wala kikapu. Alikuwa amesimama kando ya Bwana Mifugo, akiwashikilia kuku wa wenzake ili wapate tone.

Furaha yote ya Dina ikaisha. Akamwendea.

"Mama Amosi, nisamehe. Ningeuliza vizuri mapema, kuku wako wangekuwapo hapa."

Mama Amosi alimalizia kwanza kuku aliyekuwa naye, akamrudishia mwenyewe.

"Nisikilize, Dina. Siku ile nilisimama mbele ya tangazo lako nikajiuliza, wachuuzi gani hawa wasioandika jina wala simu? Nikaona si kawaida. Mwenye duka alikuwepo pale, sikumuuliza. Na uliponijia uani kuku wangu wakifa, nikakwambia ni zuri. Lilikuwa baya, mwanangu. Baya kweli. Lilinipotezea kuku."

Dina aliinamisha kichwa, machozi yakamtoka.

"Usiiname. Nimekwambia kwa sababu nakupenda kuliko siku ile. Ukifanya kazi ya watu, usiwaulize kama wameipenda. Waulize wameelewa nini, kisha uvumilie jibu. Na sisi wakubwa tukiulizwa na mtoto, tuache kumdanganya kwa sifa. Hasara yake nimeifukia nyuma ya nyumba yangu."

Akampa Dina tetea mweupe aliyekuwa akipiga mbawa. "Mshike vizuri. Mstari bado ni mrefu."