Mtutu Uliovuta Pumzi ya Orval

Harufu ndiyo ilianza. Verlene alikuwa anashuka ngazi za chumba cha chini na sahani ya maharage na mkate wa mahindi, akafika ngazi ya tatu, akasimama. Mayai viza. Harufu ile ile ya baruti ikishalipuka, ile inayoganda kwenye koti wiki nzima. Sasa wewe, mara ya mwisho gobore kufyatuliwa hapo nyumbani ilikuwa mwezi wa tisa, na hii ni Novemba, saa saba mchana, jua linawaka.

"Orval, umelipua nini humu?"

"Sijalipua kitu, mama. Labda ni maharage yako."

Verlene akacheka mpaka mkate ukaanguka. Ndivyo walivyo hao wawili, miaka thelathini na nane ya ndoa wanataniana kama mashemeji. Orval alikuwa fundi wa mitambo kule mgodi wa makaa. Alipostaafu akanunua mashine ya kukereza chuma, akaishusha chini kipande kipande, akaiweka palepale Verlene alipotaka kuweka friza. Tangu hapo anatengeneza magobore. Ya dukani hataki hata kuyaona. Kitako anachonga kwa mbao ngumu ya mti wa mjozi, mtutu anaukereza mwenyewe kwa chuma kipya, na msimu wa kulungu ukifika wanaume wa bonde zima wanakuja kupapasa na kuona wivu.

Ila safari hii mtutu hakuukereza. Aliununua mnadani, vitu vya mzee mmoja aliyefariki huko juu milimani. Mtutu wa zamani, una kutu, mdomo umezibwa kwa nta na kitambaa cheusi. Mwenye akili angejiuliza, huyu aliyeziba alikuwa anazuia nini kisitoke? Orval hakujiuliza. Alizibua na msumari, akausafisha, halafu akafanya kitu ambacho watu wa gobore huku wanafanya bila hata kufikiri: akaweka mdomo wake kwenye mdomo wa mtutu, akapuliza, asikie kama hewa inatokea kwenye kile kitundu cha nyuma kinachopitisha moto.

Hewa haikutokea.

"Ulinivuta," akamwambia Verlene wakiwa mezani, anacheka. "Mimi napuliza, wenyewe unavuta. Kama mtu anayenyonya soda kwa mrija."

"Na wewe ukauachia mdomo?"

"Nimeng'ang'ana kidogo, ndipo nikabanduka. Midomo inaniwasha mpaka sasa."

Kesho yake Verlene akamwona anapuliza kahawa. Anapuliza, anapuliza, na kahawa imetulia kama kioo. Siku ya tatu Orval akawa anakaa katikati ya ngazi kupumzika. Daktari akasikiliza kifua, akasema ni lile vumbi la mgodi, wazee wote wa hapa wanalo. Verlene akataka kuamini.

Alhamisi kukawa na baridi kali. Wakatoka barazani asubuhi, kulungu yuko kwenye kabichi za Verlene anajilia kama kaalikwa.

"Mfukuze," Verlene akasema, na neno likatoka na moshi mweupe.

Orval akapiga ukelele. Mdomoni kwake hakukutoka kitu. Hata ukungu wa pumzi ya kuku.

"Orval, pumua."

"Napumua."

"Pumua nione."

Akafungua kinywa, kifua kikapanda, kikashuka. Hewa mbele yake ikabaki safi.

Verlene akamwacha pale akashuka chini peke yake, na ngazini akaisikia ile harufu, nzito kuliko jana, akaona mtutu umebanwa kwenye mashine umelala ubavu, na mdomoni mwake kuna ukungu mweupe unatoka, unarudi ndani, unatoka, unarudi, taratibu, kama mtu aliyelala vizuri baada ya kula, na juu barazani Orval akakohoa, lakini kikohozi Verlene alikisikia kwanza humo ndani ya chuma, halafu ndipo akakisikia juu.

Alipanda ngazi kwa mikono na miguu.

"Tuutupe mtoni," akanong'ona.

"Mtutu ukienda, naenda nao," Orval akamjibu, kwa sauti ndogo sana. "Pumzi yangu iko humo, Verlene. Hii ninayotumia ni masalio."

Ndipo akapigiwa simu shangazi Icie. Huyu baba yake alifunikwa na mgodi kabla yeye hajazaliwa, hakumwona hata usoni, na huku inaaminika mtu asiyemwona baba yake akimpulizia mtoto mwenye utando mweupe mdomoni, mtoto anapona. Halipwi. Wala hashukuriwi. Ukimwambia asante, kazi yote imekufa, na mara ya pili haikubali.

Icie akaja na koti lake la kijani, akautazama mtutu, akamtazama Orval.

"Wewe na uzee wote huo, unabusu vitu usivyovijua?"

"Nisamehe, shangazi."

"Piga magoti. Weka mdomo ulipouweka. Usipulize. Leo unavuta wewe."

Yeye akainama upande wa pili, akaweka midomo kwenye kile kitundu, akapuliza. Mashine haikuwa na umeme, Verlene mwenyewe alikuwa kachomoa waya, lakini gurudumu likaanza kuzunguka polepole na mtutu ukazunguka nalo midomoni mwao, vioo vya dirisha vikafunga ukungu, harufu ya mayai viza ikajaa mpaka macho yakatoka machozi, na Icie akapuliza, na mishipa ya shingo ya Orval ikasimama, na humo ndani ya chuma kitu kikaguna kama mtu anayenyang'anywa shuka.

Orval akaanguka chali. Akatema masizi. Halafu akatoa pumzi, wingu zima jeupe, likapanda mpaka darini.

Wakapanda juu. Icie akafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja. Orval analia, na Verlene akaona midomo yake inataka kufunguka kushukuru, akaiwahi, akamziba kwa kiganja. Akasikia pumzi ya mumewe mkononi, ya moto, ya kwake. Machozi yakamtoka naye.

Icie akafungua mlango, akatoa mguu mmoja nje.

"Asante, shangazi."

Sauti ya Orval kabisa. Verlene akamtazama. Kiganja chake bado kimebana, na midomo chini yake imefungwa.

Icie hakugeuka. "Nani kasema?" akauliza polepole.

Pale mkononi mwa Verlene palipokuwa na joto pakaanza kupoa, na kule chini kitu kikavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyeibuka kutoka kwenye maji.