Theluji ya Lanet

Marehemu alikutwa amelala chali juu ya sakafu ya saruji, amevaa koti zito la sufu, glavu za ngozi na buti zenye manyoya ndani, ilhali nje jua la Lanet, pembezoni mwa Nakuru, lilikuwa likichoma mabati. Skafu nyekundu ilikuwa imemkaza shingoni. Nyweleni mwake na juu ya kope mlikuwa na chembe nyeupe. Konstebo Wanyoike aliinama, akaokota moja kwa kibanio.

"Madam, hii ni ile povu nyeupe ya kufungia televisheni kwenye boksi," alisema. "Imesagwa tu."

Inspekta Jepkemei alikuwa akitazama ukuta uliofunikwa kwa picha kubwa ya nyumba za mbao zilizozama katika theluji. Mbele yake ilisimama kamera juu ya miguu mitatu. Kijumba chake cha kadi ya kumbukumbu kilikuwa wazi, na kadi haimo. Mezani palikuwa na kompyuta ya thamani na simu, havikuguswa. Jambo jingine lilimkera zaidi: macho ya marehemu yalikuwa yamefumbwa kwa mkono wa mtu.

Bi Wariara, mwenye nyumba, alieleza kwamba mpangaji wake alijiita Sue, kwamba hakutoka mchana ila kwa nadra, na kwamba yeye alimdhania mgonjwa. Kitambulisho kilichopatikana chini ya godoro kilisema vingine. Wanyoike alilisoma jina lake mara mbili.

"Natasha Odongo. Madam, huyu ni Natasha wa Norwe! Bibi yangu husoma blogu yake kabla hata ya kuwasha jiko."

Wakati huohuo simu iliyokuwa mezani ikaangaza. Makala mapya yalikuwa yametoka. Marehemu aliwasalimu wasomaji wake kutoka Oslo, akawaambia kwamba theluji ilianguka usiku kucha na kwamba dirishani mwake palikuwa na ndege mdogo mwekundu.

Aliyepanga makala hayo yatoke yenyewe alipatikana mjini Nakuru siku hiyohiyo. Aliitwa Travis Kibii, kijana mpiga picha. Siku ya mauaji alikuwa akipiga picha za harusi huko Naivasha, na ukumbi mzima ulimshuhudia. Hata hivyo Jepkemei hakumwachilia upesi.

"Alirudi lini?"

"Baridi ya kwanza tu, madam. Aligombana na wale aliokuwa akiwalelea mtoto, wakamrudisha. Na kwao kanisa zima lilikuwa limemfanyia ibada ya kumuaga. Angerudi na uso gani?"

"Akakaa Lanet akijifanya yuko Ulaya."

"Watu walipenda. Wasichana walikuwa wanamwandikia wanataka kuwa kama yeye. Tuliendelea tu."

"Blogu inasema mama yake aliugua. Hakwenda?"

Travis aliinamisha kichwa. Alisema Natasha alitaka kwenda, akavaa hata viatu, lakini wakashauriana, wakaona siri itafichuka. Basi alimpigia mama yake simu ya video akiwa amesimama mbele ya ukuta ule, akamwambia ndege zimezuiwa na theluji. Hata mama alipokufa, salamu zake za kumuaga, zilizoonyeshwa makaburini kwenye skrini, waombolezaji wakalia kwa sauti, zilirekodiwa hapohapo.

"Mama aliugulia wapi?"

"Kwao. Zile nyumba za zamani za reli."

"Ni mbali gani na Lanet?"

"Si mbali, madam."

"Nimeuliza ni mbali gani."

"Ni kupanda matatu moja tu," alisema Travis kwa sauti ya chini.

Alipoulizwa ni nani mwingine aliyejua, aliapa kwamba hakuna. Jepkemei aliondoka akiwa na hakika kwamba yupo, naye si mgeni. Mgeni hafumbi macho ya maiti.

Alikuwa na desturi yake ya kupeleka habari za kifo. Hutoa nusu ya habari, akanyamaza, akasikiliza nusu nyingine itajazwaje. Alimkuta Mzee Odongo, mstaafu wa reli, ameketi na binti yake mkubwa, Adero, aliyekuwa amebaki nyumbani kumuuguza mama. Ukutani palikuwa na tangazo la maziko ya mama huyo, Bi Nerima, na chini yake majina ya watoto: Adero, na Natasha wa Norwe.

"Mzee, pole," alisema Jepkemei. "Natasha ameaga dunia."

Akanyamaza.

Mzee alilia kama mtu aliyepigwa tumboni. Majirani wakajaa. Mara wakaanza kufanya kile ambacho watu wetu hufanya mtu wao anapofia ng'ambo: huyu akataka namba ya ubalozi, yule akafungua kundi la simu la michango ya kusafirisha mwili, mwingine akasimulia jinsi binamu yake alivyokwama katika uwanja wa ndege wa huko. Mzee mwenyewe alishika mkono wa Jepkemei.

"Binti yangu, ndege itachukua siku ngapi kumleta?"

Adero hakulia. Alisogeza viti, akatandika kitambaa juu ya meza, akamfuata Jepkemei hadi mlangoni. Alizungumza kwa adabu na uchovu wa mtu aliyezoea kupanga mambo ya msiba.

"Afande, mochari wanafunga saa ngapi?"

Jepkemei alimwambia aje naye kituoni wakamalize taratibu. Mzee akasema atafuata.

Katika chumba cha mahojiano alimsomea onyo la kisheria. Alimweleza kwamba hakulazimika kusema neno, na kwamba akitaka kukiri, ungamo lake lingeandikwa na afisa mwingine mbele ya mtu aliyemchagua mwenyewe.

"Nimchague nani?" Adero aliuliza. "Baba?"

"Ulijuaje kwamba dada yako yuko mochari ya hapa?"

"Nilikisia."

"Baba yako alikisia ndege. Majirani wote walikisia ndege. Wewe peke yako uliuliza saa za kufunga."

Vidole vya Adero vilikuwa vikizungusha fundo kwenye pindo la leso yake, pale wanawake wanapofungia sarafu.

"Fungua hilo fundo," alisema Jepkemei.

Kadi ya kamera ikaanguka mezani.

Ndipo Adero aliposema, macho yakiwa makavu. Alikuwa amekwenda Lanet kumtazama mama mmoja wa kanisani aliyejifungua. Kwenye kibanda cha mboga alimwona mwanamke aliyejifunika kofia hadi puani, akinusa nyanya moja moja kabla ya kuichagua. Hivyo ndivyo Mama alivyochagua nyanya. Alimfuata hadi ndani.

"Hakushtuka sana. Aliniambia nifunge mlango, kelele zisiingie."

"Ukafanya nini?"

"Nilimweleza kifo cha Mama. Nilitaka ajue. Mama alimwita Natasha mchana na usiku. Mimi nilimwosha, nikamgeuza, nikamtafunia chakula. Mwisho macho yakafa. Akanishika mkono akasema, 'Natasha, umekuja.' Ningesema nini, afande? Nikasema, ndiyo Mama, nimekuja. Akanibariki kwa jina lile. Safari zangu, tumbo langu, watoto nitakaozaa. Kisha akauliza, 'Na Adero ameenda wapi? Amenichoka?'"

Konstebo Wanyoike, aliyekuwa akiandika pembeni, aliweka kalamu chini.

"Ulimjibu?"

"Nilikuwa nimekwisha kuwa Natasha. Nikitafuta la kusema, akakata roho. Alikufa akijua nimemtupa."

"Na Natasha aliposikia hayo?"

"Alilia, sikudanganyi. Alilia sana. Kisha akafuta machozi, akavaa koti lake, akawasha kamera. Akaniambia, 'Adero, rudia hapo pa Mama. Polepole. Usitaje Lanet.'"

"Ukarudia?"

"Nilirudia. Nilipomaliza akasema sauti yangu haikutoka vizuri, nianze tena. Nikaivuta ile skafu. Niliivuta mpaka pakawa hakuna wa kuniambia nirudie."

"Macho ulimfumbia kwa nini?"

"Ni dada yangu."

"Na kadi?"

"Maneno ya Mama yamo humo. Hayakuwa ya watu kusoma asubuhi."

Jepkemei aliitia kadi katika mfuko wa vielelezo, akaufunga. Aliagiza mshukiwa apelekwe mahabusu kwa kosa la mauaji, akatoka.

Mzee Odongo alikuwa ameketi kwenye benchi ukumbini, kofia juu ya goti. Kuhusu Natasha, safari hii Jepkemei hakuuviringisha ukweli kwa vitambaa. Alimwambia kwamba Natasha alikuwa amelazwa katika mochari ya Nakuru, kwamba alifia Lanet, alikokuwa akiishi tangu kurudi kutoka Norwe, na kwamba sheria ilimtaka yeye baba aende kuutambua mwili.

Mzee aliizungusha kofia gotini mara kadhaa.

"Basi hakuna ndege," alisema mwishowe.

"Hakuna, Mzee."

Alijishika ukutani akainuka, akaivaa kofia yake.

"Sitaweza kwenda huko peke yangu," alisema. "Niitie Adero aje anishike mkono."

"Keti kwanza, Mzee," alisema Jepkemei.