Ubao wa Mninga kutoka Kolo

Kwanza ilikuwa harufu tu. Hassani aliulaza ubao wa mninga uliolowa juu ya bomba la moto la kukunjia mbao, mvuke ukapanda, na karakana yake ya magitaa, Chang'ombe, ikanuka mvua. Mvua gani Dodoma mwezi wa kumi, vumbi limejaa mpaka kwenye kope? Alitoka nje akatazama juu. Mbingu nyeupe, kavu kabisa. Akarudi kazini.

Ubao ulikunjika vizuri hadi kiunoni, pale ubavu wa gitaa unapobonyea ndani. Hapo nyuzi za mbao zikainuka. Kibanzi chembamba kilibanduka kama kijingozi cha pembeni mwa ukucha, kikasimama.

Kwa fundi hilo si msiba. Unapenyeza gundi nyepesi chini ya kibanzi kwa ncha ya wembe, unakilaza, unakikandamiza kwenye bomba kwa kitambaa kibichi, kinashika. Hassani akafanya hivyo. Kesho yake kile kilikuwa kimetulia, kimeinuka cha jirani. Akakibandika. Kikainuka kingine. Akautukana ubao, akaitukana gundi, akamtukana na aliyemuuzia gundi.

Hasira alikuwa nayo ya kutosha. Miaka ile milango ilikuwa imefunguliwa kwa bidhaa za nje, maduka ya Majengo yamening'iniza magitaa ya nje, mekundu, yanang'aa, na wateja wake wote wamekimbilia huko. Alibaki Eliakimu, mwalimu wa kwaya aliyeagiza gitaa hili, naye alishasema wazi: "Fundi, hili likiwa na kasoro, wenzangu watanituma dukani."

Ubao wenyewe ulitoka Kolo, kwao, kwenye mninga ulioangushwa na upepo karibu na mapango ya michoro, mahali ambapo wazee huombea mvua na watu wa pale hawaokoti hata kuni. Hassani alilijua hilo. Alijiambia kwamba aliyeukata ni upepo, si yeye. Ujanja wa mjini huo.

Jioni moja Ikram, mkewe, alimletea chai akasimama mlangoni, hataki kuingia.

"Unaongea na nani humu?" alinong'ona.

"Sina mtu. Mbao inakauka, inalia."

"Mbao inameza mate?"

Hata Hassani alikuwa anasikia: chini ya vibanzi alivyobandika kulikuwa na mkwaruzo mdogo, kama wa mtu anayetaka kufungua kinywa. Badala ya kuogopa, akakasirika zaidi. Akaongeza gundi.

Asubuhi Ikram aliamka midomo imeshikana. Hapakuwa na kidonda wala damu, imefungana tu, na macho yake yanamtazama mumewe yakiuliza. Hospitali walimtundikia dripu, wakampaka mafuta, wakakuna vichwa. Njia nzima Hassani alilia akimrudisha nyumbani, na pumzi ya mkewe begani kwake ilinuka udongo uliolowa.

Akaenda kumchukua Bi Mwanne, mganga, Mrangi mwenzake.

"Shikamoo, bibi," alisema, akamweleza yote tangu mti wa Kolo.

"Marahaba. Nionyeshe huo mti."

Karakanani Mwanne alipitisha kiganja juu ya ubao, akakirudisha upesi. "Hii ni midomo ya pepo wa mapangoni, Hassani," alisema kwa sauti ya chini. "Pepo huulizwa anataka nini, akasema, akaenda zake. Wewe kila akitaka kusema unamziba. Sasa amekwenda kutafuta kinywa kwa mkeo, na bado ukaendelea kuziba."

"Nifanye nini?"

"Fungua ulivyobandika. Vyote."

Hassani akachukua wembe, na kazi yote ile ya mikono yake akaanza kuibandua kibanzi baada ya kibanzi, na kila kilipoinuka pumzi baridi ilimpiga usoni, na ndani ya pumzi mlikuwa na sauti nzito ikisema Kirangi cha zamani ambacho hata bibi yake hakukisema, na bomba likazima lenyewe, na kuta zikatoka jasho, na kutoka ndani ya nyumba akamsikia Ikram akiguna, kisha akikohoa, kisha akilia, "Maji! Nipeni maji!"

Kilikuwa kimebaki kimoja. Hicho alikibandika vizuri kuliko vyote maishani mwake. Huoni mstari, huhisi kitu. Na mke wake alikuwa ameshafunguka kinywa. Moyo ukamuuma kuharibu hata hicho.

"Vimekwisha?" Mwanne aliuliza.

"Vimekwisha, bibi."

Ikram alikunywa maji, akamshukuru Mwanne, akamwita jirani yake Joha, wakakumbatiana. Kisha akamgeukia mumewe akitabasamu, akafungua kinywa kumwita, na midomo ikagandana. Akajaribu tena. Machozi yakamtoka. Kila neno lilitoka isipokuwa jina la Hassani.

Mwanne alimtazama Hassani bila kupepesa. "Umeacha kimoja."

"Nakifungua sasa hivi!"

Alikimbilia karakana, akaugeuza ubao kwenye mwanga wa dirishani, akaulowesha, akaupapasa kwa kucha, kwa kidole gumba, kwa ncha ya wembe, upande huu na upande ule. Ulikuwa laini. Akajaribu kukumbuka kilikuwa wapi, akakwangua hapa, akakwangua pale, mpaka vidole vikatoka damu, na hakuona mahali alipokibandika. Nje Ikram alikuwa anaongea na majirani, anamwita kila mmoja kwa jina lake.