Sauti ya Kuitikia

Picha ya Belinda ilifunguka yenyewe kwenye kompyuta saa nane mchana, mkono wa mama yake, Rahabu, ukiwa kwenye kikombe cha chai.

"Nipo!" ilisema spika kwa sauti ya mtoto.

Rahabu hakushtuka. Mtu aliyeshinda wiki nzima akigombana na kompyuta hashtuki ovyo. Ilikuwa mwaka 2003, naye alipanga chumba juu ya duka la vitambaa la Nitin, Singida mjini, akitengeneza tovuti ya kwaya ya watoto wa kanisani kwao. Ukibonyeza jina la mtoto, picha inafunguka na sauti yake inaitikia. Kwa majaribio alikuwa ameweka jina moja tu, la binti yake wa miaka sita.

Kilichomchosha ni vivinjari viwili, programu za kufungulia kurasa za mtandao, cha zamani na kipya, ambavyo havikuelewana kabisa. Ukibonyeza kitufe cha kushoto cha mausi, cha zamani kilisoma moja. Kwake sifuri ni kwamba hakuna aliyebonyeza. Kipya kilikisoma kitufe hichohicho sifuri. Badala ya kukipa kila kivinjari agizo lake, Rahabu alifanya uvivu, akaandika agizo moja la vyote: iwe sifuri, iwe moja, itikia.

Kwa hiyo kwenye kile cha zamani ukurasa uliitikia hata mshale wa mausi ukipita tu juu ya jina, pasipo aliyebonyeza. Hilo alilijua, alisema atarekebisha kesho. Ila sasa mausi ilikuwa imetulia. Akaichomoa waya. Mshale ukatambaa polepole hadi kwenye jina.

"Nipo!"

Chumba kilinuka matope ya chumvi ya Ziwa Kindai, na dirisha lilikuwa limefungwa. Rahabu akamkumbuka mwanawe, akateremka ngazi mbio.

Nyumbani alimkuta mama yake, Bibi Hana, amejifunga kanga moja na mjukuu, kiuno kwa kiuno.

"Shikamoo mama. Kuna nini?"

"Marahaba. Sema taratibu," alinong'ona Bibi Hana. "Tangu saa nane anaitikia, kisha anaelekea ziwani. Nimemrudisha mara mbili."

"Belinda, nani anakuita?"

"Mama," alijibu mtoto, akiangalia njia.

"Mama si huyu hapa?"

"Yule mwingine."

Bibi Hana alimkazia macho bintiye. "Nilikufundisha nini, Rahabu?"

Watoto wote wa nyumba ile walifundishwa: ukiitwa na usiyemwona, nyamaza, usiitike mpaka uitwe mara ya tatu. Na Rahabu alikuwa ametengeneza kitu kinachoitika mara ya kwanza, kwa yeyote, hata asiye na kidole, tena kwa sauti ya mwanawe.

Alirudi chumbani juu ya duka akikimbia, viatu mkononi. Akaandika upya: kwenye kile cha zamani, sifuri, nyamaza. Mshale ukapita juu ya jina, kimya. Rahabu alishusha pumzi, na kabla hajaimaliza ile pumzi kile kivinjari kipya kilipanda chenyewe kutoka chini ya kioo, na mshale ukaingia humo bila haraka, kwa sababu humo sifuri ni kidole cha mtu, na huwezi kukikataza bila kuukataza mkono wa kila mtu duniani.

"Nipo!"

Akalifuta jina. Mshale ukabaki unazunguka pale palipokuwa wazi. Simu ikalia.

"Umefanya nini?" Bibi Hana alikuwa analia. "Anavuta, kanga inachanika!"

"Nimelifuta jina lake, mama. Nazima na kompyuta."

"Usizime! Huyo anayeita ameshazoea kuitikiwa. Akikosa huko atamfuata mtoto mwenyewe huku."

Rahabu aliogopa, lakini hakufikiri mara mbili. Aliivuta maikrofoni, akarekodi neno lilelile kwa sauti yake, akaandika jina lake mwenyewe pale palipokuwa wazi. Mshale ukasimama.

"Ametulia," Bibi Hana alisema baada ya kitambo. "Ameomba maji. Ananiuliza mama anarudi saa ngapi."

Rahabu alilia kwa furaha. Akakata simu, akainuka kuchukua viatu, na ndipo harufu ya matope ilipopanda ngazini, pamoja na hatua ndogo ndogo za miguu iliyolowa, ambazo zilikuja zikasimama nyuma ya mlango.

"Mama?" iliita sauti ya Belinda.

Rahabu alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Nipo," spika ikasema kwa sauti ya Rahabu.