Ubeti Uliotuzwa

"Yule mama amekuja tena," Nzembi alimwambia Swabir nyuma ya jukwaa la Shimoni, leso mpya aliyovikwa na mama huyo kwenye ubeti wa tatu ikiwa mabegani. "Huyo ni fan kabisa. Ananifuata kila mahali."

Swabir hakugeuka. Alisema wanawake wasio na kazi ni wengi, kisha akaamuru ubeti wa tatu ukatwe, wimbo ni mrefu.

Ziara ilikuwa imeanza kwa mkosi. Diani, viti vya mbele walipewa wageni wa hoteli, wenyeji wakasimamishwa nje ya ua, kwao wenyewe, kama miaka yote. Majoreni, jenereta ilizima katikati ya wimbo, wakazomewa. Nzembi alivumilia. Ijumaa baada ya onyesho la Msambweni angesilimu aolewe na Swabir, meneja wake, na kwa ajili hiyo babake, Mzee Muasya, alikuwa hapokei tena simu zake.

Aliyemfumbua macho ni Salimu, mpiga kinanda, walipokuwa wakipanga vyombo Msambweni kabla ya onyesho.

"Dada, huku mtu hamtuzi mwimbaji ovyo. Akikuvika leso kwenye ubeti, ubeti huo ameufanya wake. Kuna mtu anampiga kijembe nao."

Ubeti wenyewe ulisema: *uliyenichukulia wangu, nakuona*.

"Anampiga nani?"

"Wewe. Na akishakuvika, humtazama Swabir."

"Na ukanyamaza?"

"Ndiye aliyeniajiri, dada."

Ndivyo wanavyotunyamazisha, Nzembi aliwaza, kwa sahani ya wali.

Nzembi akaandika ujumbe: "Yule mama ni nani?"

Swabir akajibu: "Mwendawazimu. Imba. Ubeti wa tatu usiuguse."

Usiku huo aliugusa. Yule mwanamke akapanda jukwaani na leso yake, taratibu. Nzembi akamsogezea kipaza sauti.

"Dada, nani wako hapa?"

"Swabir. Mimi ni Biasha, mkewe."

"Mke wa zamani?"

"Sijapewa talaka. Alitoka nyumbani Ramadhani iliyopita, akasema anakwenda kazini. Kabla yako alikuwepo mwimbaji wa Ukunda, naye aliambiwa Swabir hana mke. Nyinyi nyote hapa mmemsahau. Mimi sikumsahau."

Spika zikafa. Swabir alikuwa ameng'oa waya.

Nzembi akasogea ukingoni, akasema kwa sauti yake tupu:

"Ijumaa hakuna harusi."

Wa nyuma wakawauliza wa mbele, wa mbele wakawaambia. Neno likapita mdomo kwa mdomo hadi langoni, ambako Swabir alikuwa ameshawasha gari akipiga honi apishwe.

Hakuna aliyempisha.